Umepigwa faini getini? Soma kabla ya kusaini

Leo naweka pembeni mbegu na mbolea. Kwa miezi kadhaa sasa, simu ninazopigiwa jioni si za ugonjwa wa nyanya tena. Ni za faini. "Bwana shamba, nimekamatwa getini." "Bwana shamba, wamefunga duka langu." Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo nayaandika hapa mara moja.

Niseme wazi kabla sijaenda mbali: mimi mwenyewe nalipwa mshahara na serikali, na ushuru mnaolipa ndio unaotia mafuta kwenye pikipiki ninayopandia milimani. Siandiki ili mtu akwepe. Naandika kwa sababu nimeona vijana wakilipa pesa ambayo hawakudaiwa, na wengine wakigombana getini kwa jambo ambalo kisheria hawana hoja hata moja. Hasara ni ileile.

Nianze na kijana mmoja wa tangawizi kutoka Myamba. Alipakia magunia 9 kwenye kenta, mali yake mwenyewe, akashuka mlima kwenda kuuza nje ya wilaya. Kwenye kizuizi kimoja (halmashauri gani, sitaji) akasimamishwa. Mkusanya ushuru akayatazama magunia kwa macho tu, akasema kila moja ni kilo 120, jumla kilo 1,080. Akapiga bei ya shilingi 2,000 kwa kilo, asilimia 3, ikaja 64,800. Juu yake akaongeza faini ya 200,000 kwa "kusafirisha mazao bila kulipa ushuru". Kijana akabishana nusu saa. Dereva anapiga honi, mnunuzi anapiga simu. Mwisho akapewa karatasi, akaambiwa saini hapa, lipa, nenda. Akasaini. Akalipa 264,800.

Aliponiletea zile karatasi nilimuuliza swali moja: "Mdogo wangu, hii ya pili uliisoma?" Akasema hapana, alidhani ni risiti ndefu. Haikuwa risiti. Ilikuwa fomu ya kukiri kosa.

Faini ya getini ni kitu gani hasa

Hapa ndipo wengi hatuelewi, na hata mimi nilichelewa kuelewa. Sheria ndogo nyingi za halmashauri zina kifungu karibu na mwisho kinachoitwa kufifilisha kosa. Maana yake kwa lugha ya mtaani ni hii: badala ya kupelekwa mahakamani, unakubali kwa maandishi kwamba umetenda kosa, unalipa kiasi fulani, mambo yanaishia hapo. Mkurugenzi, au mtu aliyepewa mamlaka hayo, anapokea pesa na kesi haifunguliwi.

Kwa hiyo mtu wa getini hakuhukumu, kwa sababu hana mamlaka ya kuhukumu. Anachokuletea ni makubaliano, na makubaliano yanataka watu wawili. Ukikataa kukiri, njia iliyobaki kwa halmashauri ni kukupeleka mahakamani, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo, na huko wao ndio wenye kazi ya kuthibitisha kwamba ulikosa.

Sasa msinielewe vibaya mkaanza kukataa kila kitu. Kufifilisha kuna faida yake. Kama kweli umekosa, kulipa pale pale ni nafuu kuliko kupanda na kushuka mahakamani, na hakimu akikutia hatiani anaweza kutoa adhabu kubwa kuliko ile uliyokuwa ulipe getini. Mimi nasema tu ujue unachosaini. Ukishakiri kwa maandishi, kurudi nyuma kusema "sikukosa" ni kazi ngumu sana. Yule kijana wa Myamba ndipo alipokwama, na nitarudi kwake.

Kuna tatizo la ukweli hapa, najua mtaniuliza: mzigo je? Tangawizi inasubiri. Nyanya za Hedaru zikikaa juani siku mbili zimekwisha. Kwenye hali hiyo mimi nashauri utenganishe vitu viwili, ushuru na faini. Ushuru unaweza kuulipa ili mzigo uende, kisha ukaudai baadaye ukiwa na risiti. Faini ndiyo yenye kukiri. Omba upigiwe simu mwanasheria wa halmashauri au mweka hazina, mara nyingi mambo hulainika hapo. Na kama huna namna kabisa ila kusaini, basi andika kwa mkono wako pembeni ya saini: "Sikubali kosa, nalipa ili mzigo usiharibike." Piga picha ya karatasi hiyo kabla hujairudisha. Haikupi ushindi, ila angalau hujaacha maandishi yako yaseme kitu ambacho hukukusudia.

Na pesa yoyote, iwe ushuru au faini, ilipwe kwa risiti ya mashine au kwa namba ya malipo ya serikali, ile kontro namba. Risiti isome jina lako, tarehe, na malipo ni ya nini. Mtu akikwambia mashine imeisha chaji, mwambie utasubiri ichajiwe. Pesa isiyo na risiti huwezi kuidai popote, na kwa kweli hujui ilikwenda wapi.

Ushuru wa mazao: piga hesabu mwenyewe

Ushuru wa mazao unatoka kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290. Mwaka 2017 Bunge lilibadilisha mambo makubwa. Kiwango kilishuka kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Na mtu anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaondolewa kwenye ushuru huo. Kumbukeni tu kwamba Sheria ya Fedha hupita kila mwaka na huanza kazi Julai, na inaweza kugusa viwango hivi. Kila Julai pita ofisini uulize kiwango cha mwaka huo kabla hujaanza kubishana na mtu kwa maneno ya mwaka jana.

Sasa rudi kwenye yale magunia 9. Kilo 1,080 ni zaidi ya tani. Kwa mnunuzi, kwenye mizani, mzigo uleule ulipimwa ukawa kilo 861. Unaona sasa kesi nzima ilikuwa wapi? Hoja ya "mimi ni mkulima, mnanionea" haikuwa na kazi hapo. Hoja ilikuwa uzito, na getini kijana hakuwa na karatasi ya mizani hata moja. Angepima pale kijijini kabla ya kupakia, akaandikiwa kilo na tarehe, mjadala ungekwisha dakika mbili. Na hapa niwaseme kidogo: magunia ya lumbesa mnajifungia wenyewe. Gunia likivimba kichwa, mtu wa ushuru ana haki ya kushuku ni kilo 120. Funga kipimo halali, hesabika kwa kilo.

Jambo lingine ni bei. Asilimia inakokotolewa kwenye bei ya shambani, yaani bei anayopewa mkulima pale zao linapotoka, siyo bei ya sokoni Dar es Salaam. Chukua mfano wa tani 3. Kama bei ya shambani ni 1,500, mzigo ni 4,500,000, na asilimia 3 ni 135,000. Mtu akitumia bei ya mjini ya 2,500, mzigo unakuwa 7,500,000 na ushuru 225,000. Tofauti ni 90,000 kwa safari moja. Kwa hiyo tembea na hati ya mauzo yenye bei. Uliza pia zao lako limewekwa kundi gani, la chakula au la biashara. Mpunga wa Ndungu hauna utata mwingi, ila kwa tangawizi nimesikia watu wakivutana. Msibishane kwa mdomo, ombeni mwonyeshwe jedwali la sheria ndogo, mazao yameandikwa pale. Na ukishalipa ulikotoka, risiti hiyo tembea nayo njia nzima, maana huo ushuru haulipwi tena kila wilaya unayopita.

Kabla hujapinga, omba kuiona sheria ndogo

Halmashauri ya wilaya inapata mamlaka ya kutunga sheria ndogo kutoka Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287. Lakini haiamki asubuhi ikatangaza. Lazima wananchi wajulishwe na wapewe nafasi ya kutoa maoni au pingamizi, madiwani wapitishe, Waziri aidhinishe, na itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Ndiyo maana kila sheria ndogo halali ina namba ya Tangazo la Serikali. Sheria ndogo za kijiji nazo zina njia yake: mkutano wa kijiji, halmashauri ya kijiji, kisha idhini ya halmashauri ya wilaya.

Swali lako la kwanza basi, kwa adabu kabisa: "Naomba kuona sheria ndogo na kifungu." Mambo ya kutazama humo ni machache. Ina namba ya tangazo? Kosa lako limeandikwa au mtu amelibuni? Kiasi cha faini kiko ndani ya kilichoandikwa? Na je, inapingana na sheria ya Bunge? Sheria ndogo ikigongana na sheria mama, sheria mama ndiyo inayosimama. Katiba yenyewe, Ibara ya 138, inakataza kodi ya aina yoyote ambayo haina msingi kwenye sheria ya Bunge. Wakikunyima nakala, iombe kwa barua chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016.

Ila kuna faini ambazo nawaambieni mapema msipoteze nauli. Hizi bustani zetu za mabondeni, za vitunguu na kabeji kando ya mito. Mazuio ya kulima ndani ya mita 60 kutoka mtoni hayakutungwa na diwani wako, yamo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Hapo hoja pekee niliyowahi kuona ikisaidia ni kipimo: walipima kwa futi kamba au kwa hatua za miguu, na walianzia wapi. Kama uko mita 20 kutoka majini, mdogo wangu, hamisha bustani.

Leseni je?

Leseni za biashara zinatolewa chini ya Sheria ya Leseni za Biashara, Sura ya 208, na zile ndogo zinatolewa na halmashauri. Siku hizi maombi yanapita kwenye mfumo wa TAUSI, na hili limesaidia, kwa sababu ombi lako lina tarehe na linaacha alama. Zamani ulikuwa unaambiwa "njoo Jumatatu" mwaka mzima bila ushahidi wowote.

Dada mmoja kule bondeni alitaka kufungua duka la pembejeo. Akaambiwa kwa mdomo kwamba leseni haitoki. Alikuja kwangu amekasirika, anasema ni chuki. Nikamwambia asitangulize chuki, atangulize barua moja ya kuomba sababu kwa maandishi. Akajibiwa ndani ya wiki mbili: hana kibali cha kuuza viuatilifu kutoka TPHPA. Basi. Halmashauri ilikuwa sahihi, na nilimwambia hivyo. Kwa duka la pembejeo lazima uangalie TPHPA kwa dawa, TFRA kwa mbolea na TOSCI kwa mbegu. Alikamilisha, akaomba upya, leo anauza. Angeenda kugombana angekuwa bado anagombana.

Lakini kama sababu uliyopewa haimo kwenye sheria, au umefutiwa leseni bila kusikilizwa, hapo una jambo. Ibara ya 13(6) ya Katiba inasema mtu ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na kukata rufani pale haki zake zinapoamuliwa. Tena, sababu iliyoandikwa na kusainiwa ndiyo utakayoishambulia huko mbele. Neno la mdomo halina pa kushikwa.

Barua

Watu wanaidharau barua, lakini ndiyo inayoshinda nyingi kuliko mahakama. Iwe fupi, isiyo na matusi wala hadithi. Kitu kama hiki:

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya ………

YAH: MAOMBI YA KUREJESHEWA USHURU NA KUPITIWA UPYA KWA FAINI YA TAREHE ………

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tarehe ……… katika kizuizi cha ……… nilitozwa ushuru Sh ……… na faini Sh ……… (nakala za risiti zimeambatishwa). Mzigo ulikadiriwa kilo ……… bila kupimwa. Hati ya mizani inaonyesha kilo ……… (imeambatishwa). Naomba (1) kujulishwa kifungu kilichotumika, (2) kurejeshewa kiasi kilichozidi, (3) majibu kwa maandishi.

Andika nakala mbili. Moja inabaki masjala, nyingine ipigwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, uondoke nayo. Nakala nyingine mpe diwani wako, na ukikaa mwezi bila jibu peleka ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Kama kuna harufu ya rushwa, hiyo ni ya TAKUKURU, usiichanganye kwenye barua ya ushuru.

Sisi watu wa Upare hatuanzi leo jambo hili. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni, kupitia watawala wa jadi, ilileta kodi ya ngazi iliyoitwa mbiru, kila mtu anakadiriwa kivyake kwa mali aliyonayo. Januari 1945 watu kwa maelfu walishuka kutoka milimani wakakaa hapa Same, makao makuu ya wilaya, kuipinga. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliandika kitabu kizima juu ya mbiru. Kinachonivutia mimi ni madai yao: hawakukataa kulipa kodi. Walikuwa tayari kulipa kodi ya kichwa ya kiwango kimoja. Walichokataa ni makadirio ambayo hakuna aliyejua yamepigwaje. Walikaa, wakaandika maombi kwenda juu, wakavuta miaka, na mwisho mfumo ule ukaachwa. Kilo 120 kwa macho si mbali sana na mbiru, ukiniuliza mimi.

Ikishindikana

Ukipelekwa Mahakama ya Mwanzo, nenda. Usikimbie wito. Kesi inaendeshwa kwa Kiswahili, nawe una haki ya kuuliza mashahidi maswali. Ukishindwa, rufaa inakwenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Hesabu siku hizo kwenye kalenda, watu wengi wanapoteza haki kwa siku mbili tu.

Kutengua uamuzi wenyewe wa halmashauri, mfano kufutiwa leseni, ni kazi ya Mahakama Kuu, na kwa sisi wa Kilimanjaro ni Moshi. Kwanza unaomba kibali cha mahakama, na ombi hilo liwe ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe. Kuidai halmashauri pesa au fidia ni njia nyingine: tangu mabadiliko ya 2020 inabidi utoe notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Kwa faini ya 200,000 peke yako, nakwambia ukweli, gharama zitaimeza. Lakini wakulima 40 wa AMCOS moja wanaotozwa vibaya kila msimu ni hesabu tofauti. Msio na uwezo, ulizeni msaada wa kisheria, upo kwa sheria ya 2017, na ofisi ya ustawi wa jamii wilayani inajua watoa huduma waliosajiliwa.

Sasa yule kijana. Tuliandika barua, tukaambatisha hati ya mizani ya mnunuzi. Wiki ya tano jibu likaja: ushuru wa 64,800 umekubalika ulitozwa kimakosa, atarejeshewa. Faini haitarudishwa, kwa sababu mhusika alikiri kosa kwa maandishi. Tumeandika barua ya pili kwamba kama mzigo haukudaiwa ushuru basi kosa lenyewe halikuwepo, na fomu haikuelezwa kwake. Ina muhuri wa masjala, bado tunasubiri. Wakati huohuo amenunua mizani ya kuning'iniza, na majirani zake wanapima kwake kwa shilingi 500 kwa gunia.

Mwenye karatasi ya faini asiyoielewa aje nayo Alhamisi nikiwa ofisini, aje na risiti zote. Wiki ijayo narudi kwenye mnyauko wa tangawizi, maana mvua zimekaribia na nimeona dalili kule juu.